Saa Tisa

Karatasi ya zamu ilinipa saa tisa za kupumzika.
Nikaipata kweli saa tisa: ya usiku,
chumba cha juu, Shangani,
feni imekufa pamoja na umeme,
nikihesabu mbao za dari kama mtu anayetaka kununua nyumba.

Hesabu yao huanza injini inapozimwa.
Saa mbili na dakika ishirini, uwanja wa Mtwara,
propela bado inazunguka kwa uvivu,
tayari, kwa mujibu wa kanuni, nimelala.
Nimelala nikitia sahihi kitabu cha ndege,
nimelala nikimsubiri Bakiri aliyekwenda kutafuta dizeli,
nimelala nikinywa supu ya pweza iliyopoa,
nimelala, jamani, nikipiga mswaki.
Usingizi wenyewe ulipita saa saba,
ukaniangalia, ukaenda zake.
Ulirudi saa tisa unusu.
Saa kumi Bakiri akagonga mlango.

Siku ya tano hiyo. Dar, Mtwara, Dar, Songea, Mtwara.
Mwili haukujua tena ni mwenyeji wa wapi.

Ilitokea asubuhi hiyo, safari ya pili, tukija kusini,
jua likiingia upande wa Kapteni Mrope.
Niliona mashamba ya chumvi ya Lindi,
vioo vidogo vya mraba.
Nikafumba macho visiniumize.

Nilipofumbua, Lindi ilikuwa nyuma,
Mikindani chini ya tumbo letu,
na sisi bado juu, juu mno.
Kidevu cha Kapteni kimezama kwenye tai.
Somoe wa mnarani, mara ya nne au ya arobaini:
"Mnanisikia?"
Nyuma yetu watu sabini. Mtoto mmoja alikuwa anaimba.

Nikajibu, "Tunakusikia,"
kwa sauti ya mtu aliyeamka kitambo.
Tukazunguka juu ya maji, tukashuka, tukatua vizuri.
Wawili walipiga makofi.

Baba yangu alilinda ghala la ushirika, Nanyamba,
magunia ya korosho hadi kwenye kenchi.
Usiku mmoja katibu alimkuta amesinzia, rungu mapajani.
Halikupotea gunia hata moja.
Asubuhi alirudi na kandambili zake na barua.
Nilikuwa darasa la sita, nikamwonea haya.
Mwaka mzima nilimwita mvivu, kimoyomoyo,
na mchana kutwa alikuwa shambani, akilima ada yangu.

Mimi hawakunifukuza. Walinipa fomu.
Swali la nane: Ulipumzika saa zinazotakiwa?
Ndiyo, mraba. Hapana, mraba.
Vidogo, vyeupe, kama chumvi.

Simlaumu Vestina wa kupanga zamu.
Ana marubani kumi na mmoja kwa kazi ya ishirini,
na mkoba wake una dawa za kichwa kuliko kalamu.

Walituita tutoe maoni juu ya kanuni mpya.
Wenzangu walileta michoro. Mimi nilikuwa na sentensi mbili:
Anzeni kuhesabu kichwa kinapogusa mto.
Na neno "nimechoka" lisikatwe mshahara.
Mwenyekiti aliandika ya kwanza.
Ya pili aliuliza kama ni utani.

Kanuni haijatoka. Bakiri katoka, kama kawaida:
juzi, saa kumi, kagonga.
Nikampigia Vestina. Nikasema neno lile.
Kimya. Kisha nikasikia raba inafuta karatasi.
"Lala," akasema. "Nitawaambia ndege ina hitilafu."
"Waambie rubani ana hitilafu."
Hakucheka. "Lala, Nambole."

Uwanjani, nasikia, mama mmoja mwenye ndoo ya ming'oko
aligonga kaunta, akatutukana Kimakonde,
sisi na shangazi zetu wote. Alikuwa na haki.
Tuliondoka saa sita mchana, bado amenuna.
Lindi ilipopita chini
niliihesabu chumvi yote, mraba kwa mraba,
hadi wa mwisho.